Aliyemnywea Mkewe Maji

Fundi alijua kuziba. Ungemletea kochi lililopasuka ubavu, linalotema sponji kila pembe, naye angekurudishia limevaa kitambaa kipya, na usingeona mshono ulipopita. Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Hata mkewe alimwita Fundi: "Fundi, njoo ule." "Fundi, funga mlango." Kazi yake ilikuwa ya mikono, na mikono yake ilimtosha. Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho kilikuwa ndani ya nyumba yake.

Mkewe alikuwa anavuja.

Hakuna namna nzuri ya kulisema jambo hilo. Uchungu wa kuzaa ulimshika mchana, ukalala naye, ukaamka naye, mtoto amekwama. Walipofika mahali penye mtu wa kumpasua, mtoto alikuwa ameshakufa, na mama yake amepata tundu ndani, kati ya kibofu na njia ya uzazi. Madaktari wanaiita fistula. Tangu hapo mkojo ukawa hauombi ruhusa. Akisimama ulishuka, akikaa ulishuka, akilala ulishuka. Dada zake walikuja mara moja, wakakaa karibu na mlango na ncha za mitandio puani, hawakurudi tena. Mama yake Fundi naye alisema, kwa sauti ya kutosha kufika chumbani, "Mwanangu, mrudishe kwao. Wewe bado kijana."

Fundi hakumrudisha. Lakini mama yake pia hakumjibu. Aliinama akaendelea kupiga stepla.

Alichofanya ni kutengeneza kiti. Kiti cha mtu mmoja, kitambaa cha maua, sponji ile ngumu isiyobonyea, na chini ya kitambaa akatandika nailoni nene ili maji yasipenye. Akakiweka sebuleni karibu na dirisha, akamwita mkewe aje akione. Mkewe akakibonyeza kwa kidole, nailoni ikalia kwa ndani. Akasema, "Ahsante, Fundi." Hakukikalia hata siku moja. Aliendelea kukaa uani juu ya ndoo iliyofudikizwa, na kiti kikabaki cha wageni, na wageni walikuwa hawaji.

Halafu akaacha kunywa maji. Hili liweke akilini, maana ndilo lililoleta yote. Aligundua mwenyewe kwamba asipokunywa, nguo zinakaa kavu kidogo zaidi. Basi ikawa funda moja asubuhi, funda moja jioni, midomo imebabuka, ulimi mzito mdomoni. Kiu aliizoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Miaka ikapita hivyo.

Habari za hospitali inayowashona wanawake wa aina hiyo zililetwa na mteja aliyekuja kubadilisha vitambaa vya makochi yake. Fundi alisikiliza huku amebana misumari kwa midomo. Mteja alipoondoka, alifunga karakana mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaenda uani.

"Vaa," alimwambia mkewe. "Twende."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari hakuwa mtu wa maneno mengi. Alitoka akiwa na kofia yake ya kitambaa kichwani, akamwambia Fundi, "Nimeshona. Iliyobaki ni kazi yake mwenyewe na ya mpira."

Mpira wenyewe, wa kutoa mkojo kibofuni, ulikuwa mwembamba, unatoka chini ya shuka na kushuka hadi kwenye beseni la plastiki sakafuni. Kila kitanda cha wodi ile kilikuwa na mpira wake na beseni lake, na watu wakinyamaza ulisikia tone, tone, tone, kama nyumba yenye paa bovu mvua ikishakatika. Kuta zilikuwa za kijani hadi kiunoni na nyeupe kwenda juu. Wanaume waliruhusiwa saa za kuona wagonjwa tu, lakini mke wa Fundi hakuwa na mwanamke wa kumhudumia, kwa hiyo Fundi alipewa kibali cha kushinda hapo mchana, kwenye stuli kando ya kitanda cha mkewe, cha pili kutoka dirishani.

Muuguzi aliyetoa kibali hicho aliitwa Sista Maji. Alikuwa mwanamke mnene mwenye viatu visivyotoa sauti, ukimsikia ujue ameshakufikia.

"Kunywa!" Ndiyo ilikuwa salamu yake. "Nawaambia kila siku, na leo nawaambia tena. Ukinywa, mpira unatiririka. Mpira ukitiririka, kidonda kinapona. Usipokunywa mkojo unakuwa mzito, mpira unaziba, na mkojo ukikosa njia utajitafutia njia. Utaipata wapi? Hapo hapo tuliposhona. Nataka beseni liwe jeupe kama maji ya mvua. Nikiona rangi ya chai, tutagombana."

"Sista, tutaota magamba," alisema bibi wa kitanda cha dirishani. "Wajukuu watakuja kuniona na ndoano."

Wodi ikacheka. Bibi huyo aliumia akiwa msichana, kwa mtoto wake wa kwanza ambaye pia alikuwa wa mwisho. Tangu wakati huo amevuja mpaka mvi zimemjaa, na hao wajukuu aliowataja walikuwa wa dada yake. Fundi alipoingia tu siku ya kwanza, bibi alimwita "mume wangu," na mkewe akamwita "mke mwenzangu," akataka kujua zamu ya kupikiwa itakwendaje.

Sista Maji akajaza jagi, akaliweka kwenye kabati la kitandani.

"Kaka, nikirudi hili liwe limekwisha. Wewe ndiye mlinzi wangu hapa."

"Sawa, sista."

Alipoondoka, mke wa Fundi alilitazama lile jagi kama mtu anavyomtazama mbwa asiyemjua.

"Fundi."

"Naam."

"Siwezi."

"Sista amesema..."

"Nimemsikia. Asubuhi nimekunywa kikombe kimoja, nikahisi nyuzi zinavutika." Akashusha sauti. "Hebu niambie wewe. Ukibandika sponji ya kochi kwa gundi leo, mtu analikalia leo?"

"Hapana."

"Unafanyaje?"

"Naliweka kivulini. Naliacha lishike."

"Unalimwagia maji?"

Fundi akakuna shingo. "Maji tena? Maji yanaua gundi."

"Sasa mimi nimeshonwa jana, leo wananijaza kama pipa. Nitashika saa ngapi?"

Hapo ndipo Fundi alipopotea, na alipotea kwa sababu alielezwa kwa lugha ya kazi yake. Daktari amesoma na sista amesoma, hilo alilijua. Lakini gundi alikuwa ameishika tangu alipoacha shule, na hakuna siku aliyoona kilichobandikwa kikashika kikiwa kimelowa. Na kulikuwa na jambo la pili, zito kuliko hilo. Tangu azike mtoto wake, huyu mwanamke hakuwahi kumwomba mumewe kitu chochote. Hakuomba nguo wala hela ya sabuni, hakuomba hata kukumbatiwa. Leo alikuwa anaomba.

"Kunywa wewe," alisema mkewe. "Tafadhali. Tukiyamwaga wataona."

Fundi akatazama huku na huku. Akamimina kikombe, akanywa. Akamimina kingine. Maji yalikuwa ya uvuguvugu yenye ladha ya plastiki. Alikunywa jagi zima kidogo kidogo, mgongo ameupa wodi, na sista aliporudi akalikuta tupu.

"Umeona?" alisema Sista Maji kwa furaha. "Unaweza!"

Mkewe akainamisha macho.

Ikawa hivyo kila siku. Sista analeta, Fundi anamaliza. Tumbo lilimjaa, likawa linacheza akitembea. Mkojo wa beseni ulipoanza kuwa na rangi, mkewe alimnong'oneza atie maji kidogo humo, naye akatia. Beseni likawa jeupe kama maji ya mvua. Na kwa kuwa maji yakiingia lazima yatoke, Fundi akawa hatulii kwenye stuli.

"Mume wangu, vipi?" aliuliza bibi wa dirishani. "Una mimba? Kila ukikaa, chooni. Ukirudi, chooni."

"Ni baridi ya sakafu, bibi."

"Haya. Ukijifungua, utuite tuje."

Wanawake walicheka mpaka wengine wakashika matumbo yao na kulalamika kwamba nyuzi zitakatika. Mke wa Fundi naye alicheka. Fundi aliyaona meno yake, akasimama pale katikati ya wodi kama mjinga, moyo umejaa. Alifikiri anamhudumia mke wake. Hivyo ndivyo alivyofikiri.

Ilikuwa mchana, jua limeingia hadi nusu ya sakafu, alipomsikia akimwita kwa sauti isiyo yake.

"Fundi. Kuna kitu."

Alikuwa ameshika chini ya kitovu kwa mikono miwili, jasho limemtoka puani. Fundi akatega sikio. Mabeseni yote ya wodi yalikuwa yanadondosha. Beseni la mkewe lilikuwa kimya.

"Panauma?"

"Panajaa. Panajaa, Fundi, fanya kitu."

Akainama akaushika mpira. Akaunyoosha, akautikisa, akaubinya kama anavyobinya mshono kutafuta uzi uliokatika. Hakujua anachotafuta. Alikuwa na mikono miwili mizima na hapakuwa na pa kuiweka. Kisha mkewe akanyamaza ghafla. Alipeleka mkono chini ya shuka, akautoa, akaunusa. Ile harufu aliijua kuliko alivyolijua jina lake.

"Hapana," alisema polepole. "Hapana, hapana."

"Sista!" Bibi wa dirishani alipiga kelele mpaka kioo kikatetemeka. "Sista, njoo! Mke mwenzangu!"

Sista Maji alikuja mbio. Hakuuliza. Alichomoa mfuniko wa bomba la sindano kwa meno, akaliunga na mpira, akasukuma maji safi, akavuta. Yakatoka machicha meusi yenye damu. Akasukuma tena, akavuta tena, mpaka beseni likaanza kudondosha. Ndipo alipotazama machicha, akatazama maji meupe ya beseni, akatazama jagi tupu juu ya kabati. Alirudia kuvitazama kama mtu anayesoma.

"Uchafu huu umetoka wapi kwenye maji haya?"

Akaliinua jagi.

"Nauliza. Nani alikuwa anakunywa maji yangu?"

"Sista," alisema bibi taratibu, "mimi mtu mzima, fitina siipendi. Lakini huyu mume wangu anakojoa kuliko wodi nzima."

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Kaka?"

"Ni mimi," alisema Fundi.

"Na hili beseni?"

"Nilitia maji."

Sista Maji akakaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo yeye mwenyewe aliwakataza watu. Alionekana mchovu ghafla.

"Kwa nini?"

"Niliona mshono unataka kukauka kwanza. Kama gundi."

"Mkeo si kochi," alisema sista. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

Mkewe alifungua mdomo kusema kwamba ni yeye aliyeomba, lakini Fundi akatikisa kichwa. Lile alilibeba mwenyewe. Kulibeba lilikuwa jambo jepesi, ila halikumkausha mtu.

Daktari alikuja, akafunua, akafunika. "Sijui," alisema. "Huenda nyuzi zimeshika, huenda zimeachia. Tutajua siku ya kupima. Mpaka siku hiyo anywe."

Sasa alikunywa. Alikunywa kwa hofu, kikombe baada ya kikombe, macho ameyafumba kama mtu anayemeza mawe. Mara mbili alitapika, akafuta mdomo, akaanza upya. Fundi aliruhusiwa kubaki kwa sharti moja, kwamba asiguse chombo chochote chenye maji. Akawa anakaa kwenye stuli, mikono katikati ya magoti. Alijaribu kuomba Mungu, akagundua hajui aanzie wapi. Alihesabu vigae vya ukutani. Alikagua godoro la kitanda, akaona limeshonwa vibaya pembeni, akatamani mtu amwambie alishone.

Mkewe alipomsemesha tena, ilikuwa wakati wenzake wamelala usingizi wa mchana.

"Nilifanya kosa kukuomba," alisema akiangalia dari. "Lakini wewe ulipaswa kusema hapana."

"Ulikuwa unaumwa."

"Ungesema hapana, Fundi. Wewe hujui neno hilo. Mama yako aliposema nirudishwe, hukumwambia hapana. Nilipohamia uani juu ya ndoo, hukuniambia hapana, njoo ndani. Ukanishonea nailoni."

Alitaka kumwambia kwamba ile nailoni aliikata usiku kwa usiku, kwamba alichagua maua yale kwa sababu aliwahi kumsikia akiyasifu dukani. Badala yake akachomeka pembe ya shuka chini ya godoro. Mkewe akageukia ukuta.

Siku ya kupima ilifika. Chumba chenyewe kilikuwa mwisho wa korido, na nje yake palikuwa na benchi la mbao. Humo ndani wanaingiza maji ya bluu kwenye kibofu kupitia mpira, wanaweka pamba kwenye njia ya uzazi, wanangoja. Pamba ikitoka nyeupe, umepona. Ikitoka na bluu, tundu bado lipo. Fundi alielezwa hayo na sista, akaambiwa akae benchini.

Bibi wa dirishani aliingia kwanza. Alikaa ndani muda ambao Fundi aliuona mrefu sana. Mlango ulipofunguliwa alitoka akitembea kwa miguu yake, bila mpira, hatua ndogo ndogo kama mtu anayevuka tope. Akaja akakaa benchini kando ya Fundi. Akangoja. Akainuka, akageuka, akapitisha kiganja pale alipokuwa amekaa. Akakaa tena. Akainuka tena, akapapasa tena.

"Gusa," alimwambia Fundi.

"Bibi..."

"Gusa, nimekwambia."

Fundi akagusa. Mbao ilikuwa na joto la mtu, basi.

"Pakavu," alisema bibi. "Mume wangu, nikirudi nyumbani utanitengenezea kochi. Kitambaa laini, cheupe pepepe. Na nailoni usiweke, unanisikia? Kipande kidogo cha nailoni nikikikuta humo, nakudai talaka."

"Sitaweka, bibi."

Bibi akacheka, machozi yakamwagika mpaka shingoni, akaacha yamwagike. Fundi alifurahi kwa ajili yake, kweli alifurahi, lakini masikio yake yalikuwa kwenye ule mlango.

Mkewe alitolewa amelala kwenye kitanda cha magurudumu. Fundi hakutazama uso. Alitazama pembeni ya shuka, akauona mpira bado upo.

"Pana doa," alisema Sista Maji. "Dogo. Kama kichwa cha pini."

Daktari alitoka nyuma yake akivua glavu. "Mpira utabaki wiki kadhaa zaidi. Tundu dogo namna hii mara nyingine hujifunga lenyewe. Mara nyingine linakataa."

"Likikataa?"

"Atapumzika miezi, tutashona tena. Mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza."

Fundi alivuta pumzi. "Daktari, ni yale maji?"

Daktari alizikunja glavu. "Huenda. Huenda pia angekunywa yote na bado ingekuwa hivi. Siwezi kukudanganya. Sijui, na wewe hutakuja kujua."

Angepigwa kofi angelimudu. Hili hakujua alishike wapi.

Mchana huo kitanda cha dirishani kilivuliwa shuka, kikatandikwa upya, akalazwa msichana mwingine ambaye alijifunika gubigubi, hata nywele hazikuonekana. Sista Maji alipita akaweka jagi. Hakusema "kunywa." Alilibonyeza tu juu ya kabati kama mtu anayepigilia, akaenda zake.

Mke wa Fundi akajivuta akakaa. Akamimina mwenyewe. Kikombe cha kwanza kikashuka. Cha pili kikashuka nusu, akapumzika, akamalizia. Alipofika cha tatu, maji yakamdondokea kifuani. Akakishusha kikombe, akafumba macho. Akakinyoosha kwa Fundi.

"Hiki kimoja tu," alisema. "Nimechoka. Malizia."

Fundi alikitazama kikombe. Alimtazama mkewe, midomo yake ambayo ilikuwa imeanza kupona ile mipasuko, macho mekundu. Hakuna kitu alichokitaka duniani kuliko kukipokea. Akaiweka mikono yake chini ya mapaja, akaikalia.

"Hapana," alisema.

Lilitoka kwa sauti mbaya, limeparuza. Msichana wa dirishani alifunua shuka kidogo akachungulia.

Mkewe alimtazama. Alimtazama muda mrefu, na Fundi hakujua kama anachukiwa au vipi, na hakukwepesha macho. Kisha akakirudisha kikombe mdomoni, akanywa polepole, huku bado anamtazama juu ya ukingo wake, mpaka kikaisha. Akakiweka kabatini, akalala chali.

Wakasikiliza wote wawili. Chini ya kitanda, beseni lilikuwa linadondosha. Lakini kama yote yalikuwa yanapita mpirani, au kuna tone lililokuwa linajitafutia njia yake, hawakujua. Shuka lilikuwa limemfunika, na hakuna kati yao aliyelifunua kuangalia.